Glavu ya Mkono wa Kamba

Ukija kwangu Arlington, huku Texas, leo, kabla sijakuuliza kama utakunywa chai, nitakusalimu kwa mkono, na nitaushika muda mrefu kidogo kuliko ulivyozoea. Usishtuke. Ni ugonjwa wa kazi. Miaka kumi na miwili nilisimama nyuma ya kaunta ya glavu katika duka la vifaa vya kuwindia kule Mesquite, na mkono wa mtu ukiingia katika wangu najua saizi yake, najua kama damu inafika kwenye ncha za vidole, na najua kama mwenyewe ana haraka ya kwenda zake.

Nawaandikia nyinyi vijana wa kanisa letu mlioanza kazi madukani na maghalani. Jumapili iliyopita mmoja wenu alinicheka. Akaniambia, "Anti, yaani ulikuwa unauza glavu tu? Miaka hiyo yote?" Ndiyo, mwanangu. Glavu tu. Tena si glavu za kila mtu, bali za wale wanaowinda kwa upinde wakati wa baridi. Keti nikueleze, kwa sababu hiyo "tu" yako imenikaa kooni wiki nzima.

Watu wa nyumbani wanadhani Texas ni joto kuanzia Januari hadi Desemba. Hawajaona siku upepo wa kaskazini unaposhuka. Asubuhi umevaa fulana, jioni maji ya ndege uani yameganda mpaka ndege wanasimama juu yake wakikutazama kama wewe ndiye mwenye makosa. Basi chukua mtu, mpandishe juu ya mti kabla ya jua kuchomoza, mwambie akae pale saa nne bila kukohoa. Mwenye bunduki anaweza kuficha mikono makwapani hadi dakika ya mwisho, kisha abonyeze kidole kimoja. Mwenye upinde anashika kipande cha chuma au mti kwa mkono mmoja, na kwa vidole vitatu vya mkono wa pili anavuta kamba yenye uzito wa mtoto wa darasa la pili. Anaivuta, anaituliza shavuni, anaiachilia bila kuitikisa. Vidole vikiwa vimeganda, mshale unakwenda unakotaka wenyewe.

Mimi sikuwahi kuwinda hata panya. Nilizaliwa Limuru, shule yangu iliishia darasa la saba, na kazi ya kwanza niliyoijua ni kuchuma majani chai pamoja na mama yangu. Dada yangu muuguzi ndiye aliyenileta huku mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilianza kwenye stoo ya duka, kufungua maboksi na kubandika lebo. Siku moja mteja alirudisha glavu iliyofumuka mshono kati ya vidole. Nilikuwa na sindano kwenye mkoba, sikuzote ninayo, nikaushona nikiwa nimesimama. Fundi wa pinde, mzee mmoja Mtexas aliyeitwa Dale, akauchukua ule mshono akaupeleka dirishani kwenye mwanga. Akauliza, "Nani amekufundisha?" Nikamwambia sare za shule za wadogo zangu sita. Wiki iliyofuata nikatolewa stoo nikapewa kaunta.

Nilifurahi kupita kiasi. Mimi ni mtu wa kuota ndoto, hata sasa. Usiku ule nilijiona nimefungua kiwanda changu, glavu zina jina langu zimeshonwa kwa uzi mwekundu. Kumbe hata kuuza jozi moja vizuri sikujua.

Mteja wangu wa kwanza wa maana alikuwa bwana mmoja mnene, mchangamfu, aliyetoka Cedar Hill. Aliomba joto, nikamuuzia joto: glavu nene za rangi za majani makavu, zenye mkanda wa kunata kwenye kifundo cha mkono, ule unaoubandua ndipo uvue. Akaondoka akipiga mluzi. Baada ya siku kumi akarudi, duka limejaa.

"Mama," akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "nimekaa mtini saa tano. Akaja dume la kulungu lenye pembe kama kiti cha kubembea. Karibu kama huyu bibi hapa. Nikasema nivue glavu taratibu." Akashika ule mkanda, akatutazama mmoja mmoja, akaubandua. Chraaaaa! "Sasa hivi yuko Oklahoma," akasema.

Dale alicheka hadi akaketi juu ya boksi la buti. Mimi nilitamani kurudi stoo nijibandike lebo. Lakini toka siku hiyo kila glavu iliyoingia dukani niliisikiliza kwanza. Niliikunja, nikaisugua karibu na sikio, nikaikwaruza kwenye koti, kama mtu anayegonga tikiti sokoni. Ikilia, ilikwenda kwenye rafu ya wanaoteleza kwenye theluji na wasukuma mikokoteni ya gofu.

Dale ndiye aliyenifundisha yaliyobaki, na hakufundisha kwa hotuba. Alikuwa na kisahani cha udongo chenye vifungo vya shati, vikubwa kwa vidogo. Mteja akivaa glavu, Dale anamwambia afumbe macho, achague kifungo kimoja na kukiinua. Wanaume wazima wenye ndevu wanafumba macho wanapapasa kisahani kama kuku, wake zao wanacheka. Asiyeweza kukipata kifungo, Dale anamvua ile glavu bila maneno mengi. "Amekuja kununua joto," aliniambia. "Wewe muuzie kidole chake mwenyewe."

Jambo la pili alilonionyesha ni kwamba mtu hana mikono miwili ya aina moja. Kuna mkono wa upinde na mkono wa kamba. Mkono wa upinde unashika tu, kwa hiyo unahitaji kiganja chembamba kisichoteleza, ukiweka kitambaa kinene pale mshiko unapinda na mshale nao unapinda. Mgongo wa mkono huo unaweza kuuvika joto upendavyo, mradi mkono wa koti na ukingo wa glavu visisimame kwenye njia ya kamba. Mkono wa kamba ndio wenye kazi ya akili. Huo unahitaji glavu nyembamba, na juu yake kitu cha kuuhifadhi mpaka dakika ya kuvuta. Kwa hiyo mara nyingi niliuza glavu za mapacha wasiofanana, kushoto saizi na aina hii, kulia ile. Meneja alilalamika kuhusu jozi zilizobaki nusu nusu. Dale akamwambia nusu zilizobaki zitawafaa wanaotumia mkono wa kushoto, na kweli wakaja.

Mambo mengine niliyajifunza mwenyewe. Usitembee kwenda mtini umevaa glavu zako za kukalia, utatoa jasho, na jasho hilo ndilo litakalokugandisha saa mbili baadaye. Ziweke kifuani, ndani ya koti. Pamba ikilowa ni adui, sufu ikilowa bado inakupenda. Glavu ya kubana haina joto, hata iwe nene namna gani, maana inafunga damu njiani. Na usijaribu glavu ukiwa na fulana ya dukani, vaa koti lako lote, vuta upinde, ndipo ununue.

Niliona mengi yakibadilika. Nilipoanza, vile vipakiti vya joto vya kutikisa, vinavyopata moto vyenyewe mfukoni, watu waliviona kama mchezo. Nilipokaribia kustaafu hakuna aliyetoka bila navyo. Wengi wakaacha kuvuta kamba kwa vidole, wakatumia kifaa kinachofungwa kwenye kifundo cha mkono, chenye kulabu ya kushika kamba na kitufe cha kuiachilia. Mwishoni wakaanza kununua glavu kwa kompyuta. Wanaagiza kwa picha, halafu zisipofaa wanakuja kuniuliza mimi kwa nini. Niliwajibu kwa upole. Kompyuta haijawahi kumsalimia mtu kwa mkono.

Sasa nikueleze kosa langu kubwa, ambalo nilifanya nikiwa tayari najua haya yote. Hilo ndilo linaloniuma. Kosa la mwanagenzi husameheka haraka.

Nilikuwa na miaka kama tisa kwenye kaunta. Jumamosi moja ya Novemba, mchana, wakaingia mzee mmoja na binti wa miaka kama kumi na tisa. Mzee amebeba kitu kirefu kimefungwa kwa kitenge. Binti akaniamkia, "Shikamoo, mama," nami nikakaribia kulia, maana dukani mle nilizoea kuitwa kwa kidole.

Mzee aliitwa Bahati. Ni Mkongo wa upande wa Walikale, wa msituni, baba yake alikuwa mwindaji na yeye akawa mwindaji mpaka vita vilipowatoa. Wakakaa kambini Kigoma miaka kumi, kisha wakaletwa Texas. Alikuwa akifanya kazi kwenye ghala la vyakula vilivyogandishwa, ndani kabisa, kule wanakovaa majoho kama wanaenda mwezini, akipanga maboksi ya kuku. Msimamizi wake ni mpenda upinde. Akamwona Bahati akieleza wenzake kwa mikono jinsi walivyowinda kwao, akamwambia njoo tuwinde kwenye shamba la familia yetu, saa mbili kaskazini, Jumamosi mbili za mwisho ambazo nina nafasi. Bahati akaenda akapata cheti na leseni kama inavyotakiwa, binti akimtafsiria. Akanunua upinde wa mti uliotumika, kwenye uwanja wa nyumba ya mtu. Huo ndio uliokuwa kwenye kitenge.

Mimi nikatoka nyuma ya kaunta nikampa mkono, kiganja cha kushoto kimeshika mkono wa kulia, kama tunavyosalimia wakubwa. Yeye akakunja vidole ndani, akanipa kifundo.

"Mama, samahani," akasema. "Natoka kazini. Iko muchafu."

Mnajua desturi hiyo. Mtu ana unga mikononi, au udongo, au anakula, anakupa kifundo cha mkono ili asikuchafue. Hakuna Mmarekani aliyewahi kunipa kifundo. Nilikishika kwa mikono miwili, nikajiona niko uani kwa mama, na kwa furaha ile nikaacha kufanya kazi. Kwa mara ya kwanza katika miaka tisa nilimchagulia mtu glavu bila kuvishika vidole vyake.

Dale akaita kutoka kwenye meza yake, "Vifungo?"

Nikamjibu, "Huyu ni mtu wa kwetu." Kama kwamba kamba ya upinde inauliza mtu katoka wapi. Ukweli ni kwamba niliona haya. Nimfumbishe macho mzee wa watu apapase vifungo kama mtoto wa chekechea, mbele ya binti yake? Nikampa jozi yenye joto kuliko zote dukani, sufu ndani, ngozi nje, nene. Nilitaka tu asipate baridi. Akavaa, akakunja ngumi, akacheka. "Iko moto, mama. Iko moto kabisa." Akaondoka nazo mkononi.

Baada ya siku tisa wakarudi. Zile glavu zilikuwa kwenye mfuko wa plastiki, zimekunjwa vizuri, moja ndani ya nyingine. Akaziweka kaunta, na kando yake akaweka upinde uliofungwa kitenge.

"Mama, mi sikukuya kugomba," akasema, akizigusa zile glavu. "Ile ma-gan ni ya muzuri. Lakini vidole byangu haikusikia kamba."

Akaeleza taratibu. Kulungu jike alikuja karibu, kama kutoka pale alipo hadi mlangoni. Akavuta. Ndani ya ile sufu hakujua kama kamba iko kwenye kikunjo cha kwanza cha vidole au imeshateleza. Ikaondoka kabla hajaiambia iondoke. Mshale ukampiga mnyama nyuma, pajani, akakimbia nao. Yeye na msimamizi wakafuata damu hadi kwenye majani marefu, damu ikaisha, wakazunguka mpaka giza. Msimamizi akamwambia hutokea kwa kila mtu.

"Kwetu haitokeaka," akasema Bahati. "Baba yangu, akiumiza nyama akaiacha, alikuwa anarudi kule mpaka aione. Mi nilirudi nyumba, nikakula, nikalala. Basi. Huu upinde, mama, utafutie mutu."

"Jumamosi ya pili je?" nikauliza. "Si bado umealikwa?"

"Sitaenda."

Binti yake, Furaha, alikuwa amesimama kando yake. Akamgeukia. "Baba, mwonyeshe."

"Furaha, nyamaza."

"Sinyamazi. Mama huyu anadhani ni glavu." Kisha akanitazama mimi, na macho yamejaa. "Mama, tulikimbia nikiwa darasa la kwanza. Tangu nipate akili, Baba ni mtu wa foleni. Foleni ya maji, foleni ya mahindi, foleni ya karatasi. Huku naye kila mtu anamwelekeza, mpaka mimi namwelekeza jinsi ya kutumia simu. Sijawahi kumwona akifanya kitu anachokijua kuliko watu wote waliopo. Hata mara moja. Jumamosi ile nilikuwa kwenye gari la bosi wake na darubini, nikamwona ananyata. Sikumjua, mama! Niliona mtu mwingine. Halafu anakuja kuniambia basi?"

Bahati akausogeza ule upinde kando. Kisha akaweka mkono wa kulia juu ya kaunta, akaufungua.

Vidole vitatu vya kuvutia kamba vilikuwa vyeupe kwenye ncha, rangi ya mshumaa, ngozi imekauka na kupasuka. Nikabonyeza cha katikati kwa ukucha. Hakuuondoa mkono. Nikabonyeza zaidi, bado ananitazama kana kwamba namshika mtu mwingine. Karibu miaka miwili kwenye barafu ile. Na hakuwa amemwambia mtu yeyote, kwa sababu aliogopa msimamizi akijua atamtoa, na akitolewa asijue ataenda wapi. Ndiyo maana akawa anatoa kifundo kwa kila mtu. Dukani, kazini, kanisani.

"Hata pasta," akasema, akajaribu kutabasamu. "Pasta anasema Bahati, wewe uko muchafu kila Siku ya Mungu?"

Nilikwenda kwa Dale nikamwambia yote, pamoja na sehemu yangu. Sikupamba. Nilisema sikumshika mkono, sikuleta vifungo, niliona haya. Nilingoja anikaripie. Akainua kisahani chake akakileta mwenyewe.

Bahati akafumba macho, mikono mitupu, bila glavu yoyote. Akapapasa. Vidole vikapita juu ya vifungo kama vinapita juu ya meza tupu. Furaha akageuza uso. Ningekuwa nimefanya hivyo siku ya kwanza, kulungu yule angekuwa mzima, au angekuwa chunguni mwa mtu. Hangekuwa kwenye majani marefu na mshale pajani.

Tukajaribu kwanza kile kifaa cha kifundo chenye kitufe. Kitufe hicho hubonyezwa kwa kidole cha shahada, na kidole chake cha shahada hakikujua kitufe kiko wapi. Kwenye uwanja wetu mdogo wa kulengea nyuma ya duka, mshale wake wa pili ulipita juu ya shabaha ukaingia kwenye boksi la buti za mpira. Dale akaenda akalichomoa buti, akalitazama tundu, akasema, "Hili sasa linapitisha hewa." Bahati hakuelewa Kiingereza, lakini alielewa uso, akacheka. Ndicho kicheko cha kwanza siku ile.

Kisha Dale akaniambia nimuulize swali ambalo sikuwa nimewahi kumwuliza mteja: "Ni wapi anaposikia?"

Bahati akafikiri. Akainua dole gumba. Halafu akaligusa shavu lake, chini ya sikio, kwenye pembe ya taya.

"Hapa," akasema. Mwenyewe akashangaa. "Baba alikuwa anavuta mpaka hapa. Kidole kikubwa kinagusa mufupa. Kikigusa, njo anaachilia. Mi nilisahau sababu ya hii ma-gan, nilikuwa naangalia vidole."

Hapo na mimi nikakumbuka kitu. Julai kule Limuru, ukungu unashuka hadi miguuni, na majani chai hayachumwi kwa glavu. Ukikosa ncha ya kidole unavunja jani bovu. Mama yangu alikuwa akikata mikono ya sweta kuukuu za shule, anatutoboolea tundu la dole gumba, tunavaa kutoka viungo vya ngumi hadi kiwikoni. Vidole viko wazi, ila kifundo kina joto. "Moto ukipita hapa utafika kule," alikuwa akisema akitufunga. Na nilikuwa nimekishika kifundo cha mzee huyu kwa mikono yangu miwili. Kilikuwa cha moto. Alikuwa amenipa jibu kwenye salamu, nikaishia kufurahia salamu.

Jioni ile nilinunua sweta ya sufu ya mitumba nikaikata. Nikashona mikono miwili ya kufunika vifundo, ule wa kulia mrefu zaidi. Nikachukua glavu nyembamba kuliko zote, nikaikata dole gumba lote, nikashonea ngozi laini kwenye vile vidole vitatu ili kamba isivikate bila yeye kujua. Kiunoni nikamfunga mfuko wa kutia mikono, kama wanavyofunga wachezaji wa mpira wa huku, ndani nikaweka vipakiti vya joto nikavifunika kitambaa, maana kidole kisichosikia baridi hakisikii pia kuungua. Mkono wa kamba ukae humo mpaka mnyama aonekane.

Wiki nzima walikuja baada ya zamu yake. Dale alifungua mlango wa nyuma upepo uingie, akamvalisha koti, akamketisha juu ya ngazi. Vuta, gusa mfupa, achilia. Mikono ya Bahati ilijua kazi kuliko sisi sote. Siku ya tatu Dale aliacha kumwelekeza, akavuta kiti akawa anatazama tu.

Ijumaa nilimpa sharti. Nilimwambia, "Mzee, mimi nimefunika vidole tu, sijaviponya. Ukirudi, utaenda kwa daktari, na utamwonyesha msimamizi wako."

 Alifunga upinde kwenye kitenge.

Jumamosi upepo wa kaskazini ukashuka kweli kweli. Nilikuwa kazini, na kila mteja aliyeingia nilimshika mkono nikamsahau mkononi. Dale akaniambia, "Leo huwapimi. Unawakamua."

Karibu na saa ya kufunga wakaingia, Furaha mbele, bado wana nyasi kwenye nguo. Sikuweza kusoma uso wake. Akaanza kusimulia kabla mlango haujafunga.

Asubuhi alikuja jike, Baba akavuta, akagusa mfupa, kisha akalegeza kamba polepole akaishusha. Tawi lilikuwa katikati. Msimamizi alishangaa, wiki ile nyingine kamba ilimkimbia, leo anairudisha kama mtu anayelaza mtoto. Saa moja baadaye akaja mwingine, ubavu wazi. Mshale mmoja. Alikwenda hatua chache akalala pale pale, wanamwona.

"Halafu bosi wake akaanza kumuuliza maswali, mama," Furaha akasema. "Unanyataje, unavutaje, kwa nini hukuachilia ile mara ya kwanza. Mimi natafsiri. Bosi anauliza, Baba anajibu! Nilikuwa natafsiri huku nalia, bosi akadhani ni baridi."

"Na vidole?" nikauliza.

Akamtazama baba yake amalizie mwenyewe.

"Shefu wa kazi alinipatia mukono, kwa pongezi," Bahati akasema. "Nikataka kumupa kifundo. Nikaona hapana. Nikavua ma-gan, nikamupa wote. Akaushika, akautazama. Akauliza, tangu lini? Nikamwambia." Akapumua. "Anasema Jumatatu nisiingie ndani ya barafu. Niende upande wa mchele na unga. Na kwa daktari niende, ameniandikia karatasi."

Dale alikuwa amesimama nyuma yangu. Bahati akampa kifurushi, paja la kulungu kwenye plastiki. Dale akalipima kwa mikono. "Miaka yote hii," akasema, "glavu zinarudi na malalamiko. Hii ya kwanza kurudi na nyama."

Kisha Bahati akanigeukia mimi. Nikajikuta nimenyoosha mikono miwili nipokee kifundo, mazoea. Akatikisa kichwa. Akavua ile glavu yangu ya viraka, akanipa mkono wote, kiganja kwa kiganja.

Nikaushika. Dole gumba lilinibana kwa nguvu. Vile vidole vitatu vilikuwa baridi bado, na havikujua kama viko ndani ya mkono wangu. Mimi nilijua kwa niaba yao, na sikuuachia mpaka Dale alipozima taa za duka.